Miti Mitatu Langoni

Incheon, 5 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unajibu "ndiyo, ndiyo" hata kwa jambo usilolisikia, halafu baadaye unasema hukuambiwa. Barua hutaikana.

Tangu nirudi kutoka kwako baada ya sikukuu ya mavuno sina raha. Nilipokusaidia kuvaa niliona michubuko mgongoni. Ukaniambia umegonga kabati. Kabati gani la kumgonga mtu mgongoni, Mama? Ulianguka ukaficha. Sasa simu ikilia usiku napoa mwili mzima kabla sijaipokea.

Nimepata nyumba ya kulelea wazee hapa Incheon, vituo viwili vya treni kutoka kwangu. Ina lifti, ina vyuma vya kushika ukutani, daktari anakuja kila wiki. Nimeshaandikisha jina lako. Kilichobaki ni mkaguzi wa bima ya wazee, ambaye atakuja kwako Jumanne ya tarehe 19 asubuhi aone unaweza nini na huwezi nini.

Nakuomba kitu kimoja: usijitie ujana. Mama wa jirani yangu alipaka rangi ya mdomo, akambebea mkaguzi gunia la vitunguu mpaka kwenye gari, wakamwandika mzima kama chuma. Wewe goti likiuma, sema linauma.

Mwanao,
Kang Yeon-sil

*

Hamol, Jeju, 11 Oktoba

Mwanangu Yeon-sil,

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani ya Soon-deok wa jirani, maana yangu ilikataa kuamini.

Hukusema "tutafute." Umesema "nimepata." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nawe umeshanichagulia kitanda na kunitandikia.

Hali yangu naijua. Masikio yangu yalibaki chini ya maji, kama ya kila mwanamke aliyezamia kombe miaka mingi. Goti ni bovu. Sijasema nitakaa hapa milele. Nasema sitahamishwa kama mtungi. Nilizamia nikiwa na mimba yako ya miezi minane, na hakuna aliyeniambia lini nitoke majini.

Soon-deok alikwenda kumwona dada yake kwenye nyumba kama hiyo yako. Anasema wahudumu wanaingia chumbani bila hodi, wanafunua shuka, na kumsemesha mtu mzima kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Bibi mzuri, tumekojoa leo?" Mimi nisiyesikia mlango ukifunguka, nitashtuka mara ngapi kwa siku kabla moyo haujakatika?

Na huyo mkaguzi wako, kama ni mtu wa bara, mfundishe adabu ya lango na miti yake mitatu ya kulazwa kati ya mawe mawili. Miti yote ikiwa chini, nipo, apite. Mmoja ukiwa juu, nimetoka hapo karibu, angoje. Miwili, niko mbali kidogo, arudi jioni. Mitatu, nimesafiri, leo asinitafute. Huku kwetu hata mwizi anaheshimu. Nakukumbusha na wewe, maana huko Incheon mnafunga milango kwa namba.

Kwenye picha uliyoleta umekonda. Kula.

Mama yako,
Bu Ok-rye

*

Jeju mjini, 23 Oktoba

Dada,

Juzi kwenye simu tulipigiana kelele mpaka ukakata. Naandika ili uwe nayo yote mahali pamoja.

Mama amefanyiwa upasuaji wa nyonga na umekwenda vizuri. Yuko macho, anagombana na manesi kuhusu uji, kwa hiyo usiogope sana. Alianguka jikoni Jumanne, mchana kidogo baada ya mkaguzi kufika na kuondoka. Tulimkuta Jumatano jioni, mimi na Soon-deok, baada ya wewe kuniambia hayuko kwako; alikuwa kwenye sakafu ya saruji. Alikuwa amejivuta hadi kwenye mtungi wa kabichi ya kimchi na alikuwa akinywa maji yake ya chumvi.

Hakuna aliyeingia kabla kwa sababu miti yote mitatu ilikuwa juu. Soon-deok alipita na samaki wawili wa kumpelekea, akaona miti, akarudi nao nyumbani. Mleta barua alipita. Mkaguzi naye aliambiwa na watu wa pale kwamba mwenye nyumba kasafiri. Wote walidhani amekuja kwako.

Soon-deok hali chakula. Anasema amemuua rafiki yake kwa adabu.

Tae-gil

*

Incheon, 26 Oktoba

Tae-gil,

Miti haijipandishi. Nani aliipandisha?

Ulikuwa kwake Jumatatu, wewe mwenyewe uliniambia ulimpelekea machungwa. Kama ni wewe, sema. Kama ni Mama, akajifungia ndani na kutangaza amesafiri, basi akili imeanza kumtoka na hatuna la kujadili. Ile nyumba ya Incheon ina ghorofa ya tano ya watu wa namna hiyo. Mlango wake unafunguliwa kwa namba ambazo wagonjwa hawapewi. Nilipoiona nilijisemea Mama yangu hatafika huku. Sasa sijui.

Nijibu kwa neno moja.

Yeon-sil

*

Jeju mjini, 30 Oktoba

Dada,

Mimi.

Jumatatu jioni nilimpeleka kula kwa Soon-deok, upepo ulikuwa mkali, nikapandisha mitatu kwa haraka nikaondoka. Mama akarudi kwa njia ya shamba la nyuma, hakuona lango. Ndivyo ilivyokuwa. Akili yake haina kasoro, kwa hiyo ghorofa ya tano iache.

Unitukane ukitaka. Ila usimwandikie Mama habari hii.

Tae-gil

*

Incheon, 5 Novemba

Mama,

Tae-gil alinikataza nisikuandikie hili, lakini nimechoka kufichwaficha. Amekiri kwamba ni yeye aliyepandisha miti yote na kuondoka. Kwa uzembe wake umelala sakafuni usiku kucha. Nimemwambia asinipigie simu tena, na nimemaanisha. Mtu aliyezaliwa ndani ya lango lile, anashindwaje kuhesabu hadi tatu?

Kwa hiyo nimeamua. Huko hakuna wa kukutunza. Daktari akikuruhusu, tarehe 25 nitakuja na gari la wagonjwa hadi uwanja wa ndege, na jioni utalala Incheon. Chumba kiko ghorofa ya pili, kina dirisha. Najua utakasirika. Kasirika ukiwa hai.

Yeon-sil

*

Hospitalini, Jeju, 11 Novemba

Yeon-sil,

Mpigie ndugu yako simu kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Kisha rudi.

Ni mimi. Asubuhi ya Jumanne niliamka mapema, nikafagia uwanja, nikatoka nikapandisha mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha nikaingia ndani kwa kuinama chini yake kama mwizi wa nyumba yangu. Nilitaka mkaguzi wako aone nimesafiri na arudi zake. Nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni nikamwona anasimama pale na mkoba wake. Alipoondoka nilicheka. Nilikuwa bado nacheka nilipokanyaga maji.

Sasa nikuambie jambo ambalo Tae-gil hajakuambia. Jumatano asubuhi alikuja. Mimi niko chini, mlango una ufa, nikaiona kofia yake juu ya ukuta wa mawe. Nikaita. Upepo ulikuwa wa kaskazini na sauti yangu haina nguvu tena. Alisimama, akaangalia miti, akageuza gari. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nimemlea vizuri mno. Angekuwa mtoto mkorofi angeruka, na mimi ningekuwa mzima mchana ule.

Yeye anajua nilichofanya, nilimwambia kwenye gari la wagonjwa. Amejitwisha ili usiniite kichaa. Nami ningeweza kunyamaza, maana barua yako ya ghorofa ya tano ameniachia kitandani, nafikiri kwa makusudi, na nimeisoma. Kwa hiyo najua ninachokutia mkononi ninapoandika hivi. Lakini siwezi kulala huku mwanangu anaitwa mzembe kwa ajili yangu.

Sikuchanganyikiwa. Nilifunga mlango wangu kwa makusudi, kama mtu yeyote mwenye mlango. Kosa langu ni kutoanguka siku nyingine.

Mama yako,
Bu Ok-rye

*

Incheon, 20 Novemba

Mama,

Nimempigia. Tulilia wote wawili, halafu tukagombana kidogo, halafu tukalia tena.

Nimekasirika hadi meno yananiuma. Nilipokuwa nikikutafutia vyuma vya kushika ukutani, wewe ulikuwa unanifungia lango kama adui. Na nikikaa nikafikiri, nakuona pale sakafuni unamwita Tae-gil, nashindwa kukasirika.

Nimewaambia watu wa Incheon wasubiri. Sikuwaambia sababu. Ningewaambia, ungepelekwa ghorofa ya tano bila mtu kukuuliza lolote, na nilipogundua hilo niliogopa ile nyumba kwa mara ya kwanza.

Lakini sikiliza nawe. Peke yako Hamol hutarudi. Daktari amesema, mimi nasema, na Soon-deok ameniambia kwa simu huku akilia kwamba hawezi tena kupita mbele ya lango lile. Hilo halina mjadala. Lililobaki ni wapi, na hilo ninakuachia, ingawa roho yangu haitaki. Tae-gil atakuzungusha kwenye nyumba za huko Jeju kwa kiti cha magurudumu. Usipochagua kabla baridi haijaisha, nitachagua mimi, na itakuwa hapa.

Yeon-sil

*

Hospitalini, Jeju, 17 Desemba

Mwanangu,

Tumezunguka. Uliagiza niangalie lifti, usafi na chakula. Nimeviangalia. Mimi nilikuwa na jaribio langu.

Kila nyumba tuliyofika niliomba nioneshwe chumba kitupu, nikaingia na kiti changu, nikalaza fimbo yangu mlangoni, kutoka upande huu hadi ule. Kisha nikangoja nione mtu anafanya nini.

Nyumba ya kwanza, ile yenye maua ya plastiki, binti aliiruka fimbo bila kuiangalia. Alikuja kunishika shavu. "Bibi kachoka?" Nilimwambia mimi ni mkubwa kuliko nyumba yao, akacheka kama nimeimba.

Ya pili mhudumu aliiokota akaiegemeza ukutani, vizuri tu, kwa heshima, kama mtu anayeondoa taka. Ya tatu, iliyo juu ya duka la vifaa vya umeme, mwanamume aliipiga teke akasema ni hatari. Tae-gil alitaka kurudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka, nyonga inawaka moto, na nilianza kufikiri ghorofa yako ya pili yenye dirisha si mbaya.

Ya nne ni ndogo, iko nyuma ya soko la Sehwa, inanuka supu ya figili. Mwenye nyumba anaitwa Bi Hyeon, ana sura ya mtu aliyekula ndimu. Naye aliiruka fimbo! Nikamwambia: kwa hiyo na wewe. Akauliza nina maana gani. Nikamweleza miti. Akasema anaijua, kwao Gimnyeong walikuwa nayo. Kisha akakaa kitandani, akanifokea. Nakuandikia kama alivyosema, maana alisema karibu na sikio langu zuri na kwa nguvu:

"Bibi Ok-rye, nimesikia habari yako, kisiwa kizima kimesikia. Mti mmoja nitauheshimu. Miwili nitaiheshimu, nitasimama nje hadi utakapoamka. Mitatu siheshimu ng'o. Ukipandisha mitatu kwenye nyumba yangu nitaivunja na kuingia, uwe uchi, uwe unasali, nitaingia tu."

Nikamwambia mitatu ndiyo yenye maana kuliko yote. Akasema ndiyo iliyokaribia kuniua. Nikamwambia mlango ni wangu. Akasema maiti ni wake, na yeye ndiye atakayeulizwa. Tulibishana hadi supu ikapoa. Tae-gil alikuwa anaangalia sakafu kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Nimechagua hiyo. Wale wengine waliniambia "ndiyo, Bibi" kwa kila kitu. Huyu tu ndiye aliyenibishia, na mtu habishani na mtungi.

Ila sihami sasa. Nitahama baada ya baridi kubwa, katika lile juma ambalo miungu wa nyumba wamepanda mbinguni kubadilishana zamu, na hakuna wa kuudhika mtu akihama. Usianze. Hata wewe ulihama Jeju juma hilohilo, ulidhani tulilichagua kwa bei ya gari la mizigo.

Mama yako,
Bu Ok-rye

*

Incheon, 4 Januari

Mama,

Nyumba tatu zilikuambia "ndiyo, Bibi," wewe umechagua ile uliyofokewa. Nimesoma barua yako kwa sauti ofisini, wenzangu wamecheka, mimi sikucheka. Hakuna lifti. Daktari anakuja mara moja kwa mwezi. Ukizidiwa, mimi niko ng'ambo ya maji na ndege hazipai kwenye upepo.

Nilitaka uwe karibu nami. Hilo ndilo lililokuwemo kwenye barua yangu ya kwanza, nikalifunika kwa lifti na vyuma. Nilitaka nitoke kazini nishuke vituo viwili nikuone unakula. Nina miaka hamsini na sita na bado nataka mama yangu awe jirani. Sasa nimesema.

Lakini nilikuambia utachagua wewe. Umechagua. Nimefuta jina lako Incheon leo asubuhi, na nikirudi nimekaa kwenye treni hadi nikapitiliza kituo changu.

Yeon-sil

*

Jeju mjini, 1 Februari

Dada,

Tumemhamisha. Theluji kidogo, lakini barabara ilipitika. Alichukua sufuria moja, blanketi, picha yako ya shule, na miti ya lango.

Miti ile ni mirefu, mlango wa chumba ni mwembamba. Akaniambia niikate. Nilimwambia Mama, hii alichonga baba yake Baba, nikiikata haitafika tena kwenye mawe ya lango. Akasema, "Ndiyo maana nakuambia ukate." Nikaikata uani kwa msumeno, yeye amekaa kwenye kiti anatazama, wala hakugeuza uso. Mimi niligeuza. Bi Hyeon amepigilia kulabu pande mbili za mlango, na kila mti unainuliwa kwa mkono mmoja.

Lango la Hamol sasa liko wazi, halina mti hata mmoja. Kwa kila anayepita, Mama yupo nyumbani. Leo nilipokwenda kufunga maji nilimkuta Soon-deok ndani ya uwanja, amekaa kibarazani peke yake. Nilimwambia, shangazi, unajua amehama. Akasema anajua, lakini lango limemwambia apite. Nikamchemshia chai.

Tae-gil

*

Incheon, 14 Machi

Mama,

Nimefika salama. Nakuandikia kwa sababu jana kuna jambo sikulisema tulipokuwa tunakula.

Nilipofika mlangoni kwako nilikuta miti miwili juu. Nilikuwa nimeamka kabla ya jua, nimepanda ndege, nimepanda basi, nimebeba uji wa kombe za abaloni ulioanza kupoa. Nilishika mti wa juu. Nilitaka kuushusha, niingie, nikuone tu kama unapumua. Kweli, mkono wangu ulikuwa juu yake. Bi Hyeon alikuwa mwisho wa ukumbi, ananitazama.

Nikauachia. Nikasimama. Kila wazo baya lilinijia pale. Nilijiambia Bi Hyeon ameahidi kusimama kwa miwili, basi na mimi nisimame. Sijui ilikuwa muda gani. Ulipofungua ulisema, "Ah, umekuja," kama mtu aliyeamka usingizini, na mimi nikasema nimefika sasa hivi. Nilidanganya. Nilikuwa nimengoja mpaka nikajisikia kulia.

Uji ulikuwa baridi, umekula wote. Asante.

Mwanao,
Yeon-sil

*

Sehwa, 20 Machi

Mwanangu Yeon-sil,

Sikuwa nimelala.

Chini ya mlango wangu pana nafasi ya vidole vitatu, na nikikaa kitandani naona miguu ya kila anayesimama nje. Bi Hyeon anavaa kandambili za kijani. Mpishi ana soksi zilizotoboka. Siku ile nikaona viatu vya kahawia, kisigino kimelika upande wa ndani. Ulianza kutembea hivyo ukiwa na miaka minne.

Nilikuona unakaribia hadi ncha za viatu zikagusa mlango. Nikasema moyoni, haya, anaingia. Nilikuwa tayari nimekusamehe. Kisha viatu vikarudi nyuma, vikasimama. Mguu mmoja ulipochoka ukaegemea mwingine. Nami nikakaa nikivitazama, sikuweza kuinuka, si kwa ajili ya nyonga. Toka uwe mkubwa hujawahi kunisubiri.

Ukija tena usilete uji, leta machungwa ya huko uone yalivyo machungu. Niandikie siku. Nimeshamwambia Bi Hyeon kwamba siku hiyo, tangu asubuhi, miti yote itakuwa chini.

Mama yako,
Bu Ok-rye